Minara Isiyotajwa: Mtoto na Alama za Paris katika Madeline ya Ludwig Bemelmans

Kitabu cha picha kiitwacho Madeline, kilichoandikwa na kuchorwa na Ludwig Bemelmans na kuchapishwa Marekani mwaka 1939, ni rahisi kusomwa kama matembezi ya mtoto katika majengo mashuhuri ya Paris. Jalada lenyewe linamwalika msomaji akisome hivyo: Mnara wa Eiffel umesimama nyuma, na mbele yake wasichana wadogo wenye sare wamepangwa katika mistari miwili wakiongozwa na mlezi wao. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo unakosea mahali pamoja, napo ni mahali pa msingi. Matembezi yapo, na majengo yapo, lakini anayetalii si mtoto. Anayetalii ni mtu mzima aliyekishika kitabu. Mtoto aliyemo ndani yake anatazama vitu vingine.

Dai hili halikuwa langu tangu mwanzo. Katika pendekezo la utafiti nililowasilisha, Madeline iliwekwa katika kundi la matini zinazolionyesha jiji kuu kama tamasha la mamlaka: mtoto huongozwa kutoka jengo hadi jengo, hufundishwa kustaajabu, na kustaajabu kwake huwa hatua ya kwanza ya kutii. Nadharia ilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kuijazia mifano. Katika semina, msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: Mnara wa Eiffel umetajwa ukurasa gani? Nilifungua kitabu mbele ya wenzangu nikitarajia kujibu papo hapo. Sikuweza kujibu, kwa kuwa katika simulizi mnara huo hautajwi popote. Haitajwi Notre-Dame, haitajwi Opera, haitajwi Louvre. Jina la Paris limo katika mwanzo wa hadithi. Baada ya hapo, maneno ya kitabu hayaliiti jengo lolote mashuhuri kwa jina lake. Sura nzima ya pendekezo ilikuwa imejengwa juu ya kitu nilichokiona kwenye picha nikadhani nimekisoma.

Kisa chenyewe ni kifupi. Wasichana 12 wanaishi katika nyumba ya zamani iliyotandwa na mimea, chini ya uangalizi wa Miss Clavel. Wanakula, wanapiga mswaki na kulala katika mistari miwili iliyonyooka. Kila asubuhi saa tatu na nusu, iwe mvua iwe jua, wanatoka kutembea. Mdogo kuliko wote ni Madeline, ambaye haogopi panya, wala haogopi hata chui milia wa bustani ya wanyama. Usiku mmoja Miss Clavel anashtuka usingizini akihisi kuna jambo. Madeline analia, daktari anaitwa, anapiga simu, mtoto anafunikwa blanketi na kukimbizwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wenzake wanapokwenda kumtazama wanaona maua, vitu vya kuchezea na nyumba ya mwanasesere aliyoletewa na baba yake, na zaidi ya yote wanaona kovu. Usiku unaofuata wote wanalia: nao wanataka kupasuliwa.

Hayo ndiyo maneno ya kitabu. Majengo yamo katika michoro tu. Mwishoni, hata hivyo, baada ya hadithi kwisha, kuna orodha fupi inayoeleza kila mandhari ni ya wapi, na orodha hiyo inasema wazi kwamba imewekwa kwa ajili ya watakaopenda kuyatambua. Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils cha mwaka 1987, alitufundisha kuyatazama maandishi ya aina hii, yaani jalada, dibaji, tabaruku na viambatisho, kama kizingiti cha matini: si ndani wala si nje. Swali linalofaa kuulizwa kuhusu kizingiti ni nani anayekivuka. Mtoto wa miaka mitano akisomewa Madeline huwa amekwishamaliza pale taa ya bweni inapozimwa. Orodha inamngoja mtu mwingine, yule anayesoma kwa sauti, ambaye huenda amewahi kufika Paris au anatamani kufika. Kwa mpangilio huu Bemelmans aliwagawia wasomaji wake wawili kitabu kimoja kwa haki: mtoto akapewa hadithi, mtu mzima akapewa majina.

Ushahidi mzito zaidi umo katika picha tatu za mwanzo zinazohusu matembezi. Maneno yanasema kwamba wasichana hao walikuwa na namna tatu za kuitikia waliyoyaona njiani: wema waliutabasamia, ubaya waliukunjia uso, na wakati mwingine walihuzunika sana. Kila itikio lina picha yake. Katika ya kwanza, mwanamke analisha farasi, na nyuma yao ni jumba la Opera lililofunguliwa mwaka 1875. Katika ya pili, polisi anamkimbiza mwizi wa vito katika uwanja wa Place Vendôme. Katika ya tatu, kuna askari aliyejeruhiwa, na mahali hapo ni Hôtel des Invalides.

Mtalii angetarajia nini katika sehemu hizo tatu? Katika Opera angetazama nguzo na sanamu. Katika Place Vendôme angeinua macho kwenye mnara aliousimamisha Napoleon kwa kumbukumbu ya vita vya Austerlitz, kisha angeyashusha kwenye maduka ya sonara yanayouzunguka. (Mwizi wa vito kuwekwa hapo, na si kwingine, ni mzaha ambao mtu mzima anayelijua jiji ataucheka peke yake, mtoto hahitaji kujua kwamba uwanja huo ni wa masonara ili aelewe kwamba mwizi anakimbizwa.) Katika Invalides angekwenda moja kwa moja chini ya kuba kuliona kaburi la Napoleon. Wasichana wa Bemelmans hawafanyi hata moja kati ya hayo. Wanaitikia mwanamke na farasi wake, mwizi na polisi wake, na askari peke yake.

Mfano wa Invalides unastahili kukaliwa kidogo. Jengo hilo halikujengwa kwa ajili ya kaburi. Mfalme Louis XIV aliliagiza mwaka 1670 liwe makao ya askari waliozeeka au kulemaa vitani. Napoleon aliletwa huko mwaka 1840, karibu miaka 20 baada ya kufa, na tangu hapo kaburi limelimeza jengo katika mawazo ya wageni. Wasichana, ambao hakuna aliyewaeleza historia hii na ambao maneno ya kitabu hayawaelezi chochote, wanamwona askari wanahuzunika. Jicho lisilojua jina la jengo ndilo linalolirudishia kazi yake ya kwanza. Sidai kwamba Bemelmans alikusudia somo la historia. Ninachodai ni kwamba mpangilio wa neno na picha hapa una matokeo hayo, na kwamba jina la jengo lingetajwa, matokeo hayo yangepotea. Msomaji angegeuzia uso kwenye kuba.

Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 juu ya Mnara wa Eiffel, anaanza na kisa cha mwandishi Guy de Maupassant, ambaye alikuwa akila mara kwa mara katika mgahawa wa mnara huo ingawa hakukipenda chakula chake, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee Paris ambapo hakulazimika kuuona. Kwa Barthes, mnara ni kitu kinachotazamwa na papo hapo ni mahali pa kutazamia. Mtu huukwepa kwa kuuingia tu. Madeline inapendekeza njia ya tatu ambayo Barthes hakuifikiria, nayo ni kuishi chini yake ukiwa na umri wa miaka michache na shughuli nyingi. Kwa mkaazi wa namna hiyo mnara si wa kutazamwa wala si wa kutazamia. Upo tu, kama mwembe wa uani.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo pendekezo langu la awali liliikosa: tofauti kati ya mgeni na mwenyeji. Nilikuwa nimemweka Madeline bega kwa bega na Martin Kayamba, Mtanganyika aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza suala la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na ambaye mwaka 1932 alichapisha kwa Kiswahili Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Niliwaona wote wawili kama watu wanaotembezwa. Lakini Kayamba alikuwa mgeni mwenye watu nyuma yake, na kichwa cha kitabu chake kinatangaza wajibu huo: kuona, kisha kueleza walioachwa nyumbani. Mtu wa hali hiyo hawezi kuacha majina. Madeline hana wa kumpelekea habari. Anatembea kwa sababu ni saa tatu na nusu. Kuwalinganisha wawili hawa bila kutaja tofauti hiyo ni kumdhulumu Kayamba, kwa kuwa bidii yake ya kutaja huonekana kama ushamba, na pia ni kumdhulumu mtoto, kwa kuwa kutojali kwake huonekana kama ujinga.

Mtu anaweza kuleta pingamizi hapa, na ni pingamizi zuri. Katika kitabu cha picha, picha si pambo. Ni nusu ya matini. Perry Nodelman, katika Words About Pictures (1988), ameonyesha kwamba maana ya kitabu cha aina hii huzaliwa katika mvutano wa maneno na michoro, hivyo kusema kwamba jengo halipo kwa sababu halikutajwa ni kusoma nusu ya kitabu. Nakubali. Majengo yapo, tena makubwa, na kwa kiasi kikubwa kurasa chache zenye rangi kamili, kati ya nyingi zilizochorwa kwa wino mweusi juu ya manjano, zimetengewa mandhari ya nje ya jiji. Hata hivyo Nodelman ananisaidia kuliko anavyonipinga. Kama maana imo katika mvutano, basi ni lazima pande mbili zivute. Picha inavuta kuelekea Notre-Dame katika mvua. Maneno yanasema tu kwamba walitoka hata mvua ikinyesha. Jengo limeshushwa cheo, likawa hali ya hewa.

Historia ya kuandikwa kwa kitabu inaunga mkono jambo hili kwa namna isiyotarajiwa. Bemelmans hakuwa mwenyeji wa Paris. Alizaliwa mwaka 1898 huko Meran, wakati huo ikiwa sehemu ya dola ya Austria na Hungaria, akahamia Marekani mwaka 1914. Alieleza baadaye kwamba mistari miwili ya vitanda ilitokana na masimulizi ya mama yake, aliyesoma katika shule ya watawa huko Altötting, Bavaria. Alieleza pia kwamba mwaka 1938, akiwa kisiwani Île d'Yeu, aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli akalazwa hospitali. Chumba cha jirani alikuwamo msichana aliyetolewa kidole tumbo, na juu ya kitanda chake mwenyewe dari lilikuwa na ufa ambao mara nyingine ulifanana na sungura. Ufa huo umo kitabuni, juu ya kitanda cha Madeline. Tukiyaweka haya pamoja tunapata jambo la ajabu: yale ambayo mtoto wa hadithi anayaishi na kuyaona kwa dhati, yaani mistari, kitanda, kovu na ufa, yametoka Bavaria na katika kisiwa cha Atlantiki. Kilichotoka Paris ni yale asiyoyatazama.

Ufa wa dari ndio, kwa maoni yangu, kivutio pekee cha kweli katika kitabu. Ni kitu pekee ambacho Madeline anakitazama kwa muda mrefu, peke yake, bila mstari, bila mlezi, na ambacho tunaambiwa kinafanana na nini. Mnara wa Eiffel haufananishwi na chochote.

Ulinganisho na Miroslav Šašek unasaidia kuona kwamba njia hii haikuwa ya lazima. Šašek, mzaliwa wa Prague aliyeishi uhamishoni, alichapisha This is Paris na This is London mwaka 1959, na mfululizo wake ukaendelea hadi miaka ya 1970. Humo hakuna mtoto mhusika. Mtoto ndiye anayeambiwa. Majengo yanatajwa kwa majina, hupewa maelezo, na hutaniwa. Ni vitabu vizuri, na ukurasa wa ukungu mtupu unaofungua kile cha London ni mzaha ninaoupenda hadi leo. Lakini ona kilichovipata. Vilipochapishwa upya katika karne hii, viliongezewa mwishoni orodha ya marekebisho, kwa sababu mambo yaliyoelezwa yalikuwa yamebadilika. Orodha ya Šašek inasahihisha kitabu. Ya Bemelmans inakitajia majina tu, na ikiondolewa hadithi haipungukiwi kitu. Bemelmans mwenyewe aliikaribia njia ya utalii katika Madeline in London (1961), ambamo farasi mstaafu wa kikosi cha ulinzi cha malkia anasikia tarumbeta na kuwabeba Madeline na rafiki yake Pepito hadi kwenye gwaride. Huko jiji linawabeba watoto badala ya watoto kulipitia. Nakihesabu kuwa dhaifu zaidi, ingawa farasi anakiokoa.

Kuna jina moja ambalo Madeline ya 1939 inalitaja, na msomaji wa leo hawezi kulipita. Daktari anayemwokoa mtoto anaitwa Cohn, jina la ukoo la Kiyahudi. Tarehe 14 Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris. Mwezi Julai 1942 polisi wa Ufaransa waliwakamata Wayahudi zaidi ya 13,000 katika jiji hilo na vitongoji vyake, watoto wengi wakiwamo, na maelfu yao wakafungiwa kwa siku kadhaa katika ukumbi wa mashindano ya baiskeli, Vélodrome d'Hiver, usio mbali na Mnara wa Eiffel. Ukumbi huo ulibomolewa mwaka 1959, mwaka uleule This is Paris ilipotoka. Bemelmans hakuweza kuyajua hayo alipokuwa akiandika, na sitaki kumfanya nabii. Ninasema tu kwamba mnara, kanisa na kuba vilivuka vita vikiwa vimesimama, na kwamba kitabu kilichofanya uamuzi wa kutaja watu na kuacha majengo kilitaja, bila kujua, kile kilichokuwa hatarini. Mhakiki anayekisoma kama kijitabu cha utalii anapita mbele ya mlango wa daktari akitafuta mnara.

Suala hili lina matokeo ya vitendo kwa yeyote atakayekitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili, kazi ambayo nimeijaribu kama sehemu ya utafiti huu. Matini asilia imeandikwa kwa beti zenye vina vya mistari miwili miwili, na kishawishi cha kwanza cha mfasiri ni kuingiza majina pale vina vinapokwama. Nilifanya hivyo katika rasimu ya kwanza: niliweka neno mnara ambapo hapakuwa na mnara, kwa sababu silabi zilikaa vizuri na kwa sababu nilifikiri mtoto wa Morogoro anahitaji kuelezwa anachokiona. Kishawishi cha pili kinatoka darasani. Kitabu kikishaingia shuleni kitafuatwa na maswali ya ufahamu, na swali la kwanza nalijua kabla halijaandikwa: taja majengo matatu mashuhuri ya Paris. Mwanafunzi atayataja, atapata alama tatu, na askari wa Invalides hatakuwa na wa kumhuzunikia.

Katika rasimu ya sasa majina yote yamerudi nyuma, kwenye orodha, alikoyaweka mwandishi. Nilimsomea rasimu hiyo mpwa wangu wa miaka sita. Sikuhesabu usomaji huo kuwa data, nao haumo katika sura ya uchambuzi. Hakuuliza lolote kuhusu mnara. Aliuliza kama kovu linauma mtu akicheka, kisha akalala chali akaanza kutafuta sungura kwenye dari letu, ambalo ni la mabati.